Mashine ya gemu ikifika mwisho, mzazi asimcheke mtoto

Jioni, watoto wakishatoka shule, ukipita Majengo au Mandewa katika Manispaa ya Singida, au ukishuka stendi ya Manyoni na kuzunguka nyuma ya maduka, si ajabu kukuta kibanda chenye pazia mlangoni na kelele za goli ndani. Kuna TV mbili tatu, nyingine bado za chogo, mashine nyeusi za gemu, pedi zilizofutika alama na benchi la mbao. Watoto hulipa kwa mechi. Anayefungwa anapisha, anayeshinda anabaki.

Wazazi wengi wanakijua kibanda hicho kwa ubaya wake. Mtoto aliyetumwa chumvi hakurudi. Hela ya mtihani ilipungua njiani. Sare ya shule ilionekana humo saa nne asubuhi. Malalamiko hayo ni ya kweli na yana haki yake. Lakini lipo jambo jingine linalotokea humo ambalo nyumbani halizungumzwi, nalo ni siku mashine inapofika mwisho wake.

Mashine iliyolea vibanda vingi vya namna hii ni PlayStation 2 ya kampuni ya Sony. Ilianza kuuzwa Japan Machi 2000, na duniani kote zikauzwa zaidi ya milioni 155. Januari 2013 Sony ikathibitisha kwamba imeacha kuitengeneza. Gemu za mpira za mwisho kutolewa rasmi kwa mashine hiyo, PES 2014 na FIFA 14, zilitoka mwaka huohuo. Mtoto aliyezaliwa wakati ule sasa amefikia umri wa sekondari.

Hata hivyo vibanda havikufungwa. Mafundi waliendelea kuzifungua mashine, kusafisha lenzi, kubadilisha nyaya za pedi na kuzifanya zisome diski za kunakili. Wajuzi wa kompyuta wakachukua gemu ileile ya zamani wakabadilisha majina ya wachezaji na jezi, ili mtoto akute kikosi cha msimu huu ndani ya gemu ya mwaka 2013. Uwanja ni uleule, miguu ni ileile, jina tu la mgongoni ndilo jipya. Watoto wakaridhika.

Ila fundi naye ana mwisho. Inafika siku lenzi haisomi tena, spea haipatikani, na mashine ya kutolewa mfano imeshachunwa kila kitu.

Kwa mfano, chukua familia ambayo si ngeni katika mkoa huu. Baba analima alizeti, mama anauza vitunguu barabarani. Kijana wao mkubwa alimaliza kidato cha nne, hakuendelea, akaanzisha kibanda cha mashine tatu. Kwa kibanda hicho amekuwa akimnunulia mdogo wake madaftari na viatu vya shule. Mdogo wake huyo, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye anayefagia kibanda jioni, na malipo yake ni mechi mbili za bure. Mashine ya kwanza imekufa, ya pili inakwamakwama. Mtoto analia. Baba anamtazama na kusema, "Mwanangu, unalilia kidude cha plastiki? Mbona ng'ombe alipokufa hukulia?"

Baba hana nia mbaya. Lakini kauli ile inafunga mlango. Mtoto hatasema tena kilichomuuma, na kaka mtu, ambaye ana hesabu nzito kichwani, naye atanyamaza. Nyumba ile ina watu wawili waliopoteza kitu, mmoja amepoteza mchezo na mwingine kipato, na hakuna anayewauliza.

Jambo hili si la Singida peke yake, wala si la watoto pekee. Liliwahi kuwapata watu wazima kwa mamilioni, na namna walivyolipokea inaweza kumsaidia mzazi wa leo.

Siku Sega ilipojitoa

Miaka ya 1990, kwa mtoto wa Marekani au Uingereza, Sega na Nintendo zilikuwa kama Simba na Yanga kwetu. Nyumba ya Sega haikununua Nintendo. Sega ilikuwa na Sonic, yule kalunguyeye wa buluu mwenye mbio, aliyeanza mwaka 1991. Nintendo ilikuwa na Mario, fundi bomba mwenye kofia nyekundu. Watoto waligombana shuleni juu ya nani mkali, na utani huo ukawa sehemu ya utambulisho wao.

Kisha Sega ikaanza kuwachosha wateja wake. Mwaka 1991 ilitoa Mega-CD, kifaa cha kuongezea kwenye mashine yake ya Mega Drive. Mwaka 1994 ikatoa kifaa kingine cha kuongezea, 32X, na mwaka huohuo Japan ikaanza kuuza mashine mpya kabisa, Saturn. Mzazi aliyejibana akanunua 32X aliona inaachwa ndani ya miaka miwili hivi. Saturn ilipofika Marekani Mei 1995 ikauzwa dola 399, wakati PlayStation ya kwanza ilikuja miezi michache baadaye kwa dola 299. Mzazi yeyote anajua angechukua ipi.

Jaribio la mwisho lilikuwa Dreamcast, iliyoanza kuuzwa Japan Novemba 1998. Ilikuwa mashine nzuri, hata wapinzani walikubali. Iliweza kuunganishwa na intaneti kwa simu ya mezani wakati ambao wengi hawakufikiria jambo hilo. Lakini PlayStation 2 ilikuja ikiwa na uwezo wa kucheza filamu za DVD, yaani familia ilinunua gemu na deki kwa pamoja. Zaidi ya hapo, kampuni ya EA, mwenye gemu ya mpira ya FIFA, haikuitengenezea Dreamcast gemu hata moja. Mashine isiyo na mpira huo ilikosa wateja wengi.

Tarehe 31 Januari 2001 Sega ikatangaza kwamba Dreamcast haitatengenezwa tena baada ya Machi, na kwamba kuanzia hapo kampuni itatengeneza gemu tu, za kuchezwa kwenye mashine za wengine. Zilikuwa zimeuzwa Dreamcast milioni 9 hivi. Bei Marekani ikashushwa hadi dola 99 ili maghala yaishe. Mwenyekiti wa kampuni, Isao Okawa, mzee aliyekuwa mgonjwa, alisamehe madeni aliyokuwa akiidai kampuni na kuipa hisa zake zenye thamani ya mamia ya mamilioni ya dola, kisha akafariki tarehe 16 Machi, wiki mbili kabla ya utengenezaji kukoma. Mkulima wa Iramba au Ikungi anayeuza mifugo yote mwaka wa njaa ili asiuze shamba analielewa jambo hili bila kuelezwa. Mashine zilikwenda, ila kampuni ikabaki na gemu zake.

Njia tatu za mashabiki

Mashabiki waligawanyika, na mgawanyiko wao ndio wenye somo kwa familia.

Wa kwanza walibaki na mashine. Dreamcast zao hawakuzitupa. Walizitunza, wakajifunza kuzifungua, na kisoma-diski kilipokufa wengine wakaweka kadi ya kumbukumbu mahali pake. Wapo walioandika gemu mpya wenyewe kwa ajili ya mashine iliyokwisha kuachwa, na Japan gemu za Dreamcast ziliendelea kutolewa hadi mwaka 2007. Brazil, kampuni ya TecToy iliendelea kuuza mashine za zamani za Sega kwa miaka mingi baada ya dunia kuzisahau, kwa sababu familia nyingi hazikumudu mpya. Hawa ni ndugu zake fundi wetu wa PlayStation 2. Anachokifanya yeye chini ya mwembe kwa chuma cha kulehemu, wenzake wanakifanya kwingine kwa sababu ileile.

Wa pili waliufuata mchezo. Hili lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Mwishoni mwa mwaka 2001 Sonic alitokea kwenye mashine ya Nintendo. Kwa aliyekua akiitetea Sega, ilikuwa kama kumwona Clatous Chama, aliyeimbwa Simba kwa miaka, akiibuka na jezi ya Yanga mwaka 2024. Wapo walioapa hawatanunua. Lakini waliojaribu walikuta mbio ni zilezile na muziki ni uleule. Mwaka 2007 Sonic na Mario walicheza pamoja katika gemu ya Olimpiki, na watoto waliozaliwa baada ya ugomvi hawakuona ajabu yoyote. Filamu ya Sonic ilipotoka mwaka 2020, watoto waliokwenda kuitazama na baba zao hawakuwa wameiona mashine ya Sega maishani mwao. Baba na mtoto walikutana kwa yule kalunguyeye.

Wa tatu waliacha. Walikuwa wamefika umri wa kuacha, na mwisho wa mashine ukawapa sababu. Wakaenda kwenye kazi, ndoa na watoto. Hawakuwa wasaliti, walikuwa wamekua tu.

Singida wanalijua hili kwa mpira wa kweli

Mtu wa Singida hahitaji kwenda Japan kuelewa. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikafika fainali ya Kombe la FA mwaka 2018, ikashuka daraja mwaka 2020. Mji ukabaki bila timu ya Ligi Kuu. Mwaka 2022 ikaja Singida Big Stars, iliyokuwa ikiitwa DTB. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali ikahamia Singida na kuwa Singida Black Stars, huku ile nyingine ikibaki na jina la Fountain Gate na kuhamia Babati. Mwaka 2025 Chama yuleyule akasajiliwa Singida Black Stars.

Shabiki aliyekaa jukwaani katika uwanja wa Namfua, ambao sasa unaitwa Liti, ameshangilia majina manne ndani ya miaka michache. Wapo wanaosema timu yao ilikufa mwaka 2020 na hawajarudi. Wapo waliohamisha mapenzi kila jina lilipobadilika, kwa sababu wao walikuwa wakishangilia Singida. Wapo waliorudi Simba na Yanga moja kwa moja. Hakuna anayemcheka mzee wa Kindai kwa kuumia timu yake ilipopotea. Basi na mtoto asichekwe.

Kitu cha kutenganisha

Mtoto anayelia mashine imekufa mara nyingi amepoteza vitu vitatu kwa mkupuo, naye hajui kuvitenganisha. Kuna mashine yenyewe. Kuna mchezo aliouzoea. Na kuna watu, yaani kaka yake, rafiki wa benchi moja, sifa ya kuwa mkali wa mtaa. Mzazi akikaa naye na kumuuliza kwa upole, "Mwanangu, kitakachokukosesha raha hasa ni nini?" jibu linaweza kumshangaza. Mara nyingi si mashine.

Akisema ni marafiki, hilo lina dawa isiyo na gharama kubwa. Bao, draft, mpira wa makaratasi, hata simu ya mzazi kwa saa moja ya Jumamosi mbele ya wenzake. Akisema ni mchezo, aelezwe kwamba mchezo unahama. PES aliyoizoea Konami waliibadilisha jina mwaka 2021 ikawa eFootball, na inachezwa bure kwenye simu, ingawa inahitaji bando na ina vishawishi vya kununua wachezaji kwa pesa halisi. FIFA ya EA tangu mwaka 2023 inaitwa EA Sports FC, ingawa vibandani wengi bado wanaiita FIFA. Akisema ni mashine yenyewe, kwa sababu aliifuta vumbi kila jioni, basi aachiwe aitunze. Kijana anayetaka kujua kwa nini lenzi haisomi ameshaanza kujifunza ufundi, na VETA hupokea vijana wa namna hiyo kwa umeme na elektroniki.

Onyo nalo lisiachwe. Kumhurumia mtoto si kumwachia. Saa za shule ni za shule, na kibanda kinachoruhusu watoto kuwekeana pesa kwenye mechi kimegeuka kamari, hakifai kwa mtoto hata mashine zikiwa mpya. Mzazi anayejua kinachompendeza mtoto wake ndani ya kibanda ndiye anayesikilizwa anapomwambia atoke.

Hesabu ya mwenye kibanda

Kwa kaka mtu jambo ni zito zaidi, na familia ikae naye kabla hajakopa. Kishawishi cha kwanza ni kununua mashine ya kisasa zaidi kwa mkopo. Hesabu ifanywe mezani, kwa kalamu. Tuseme mashine moja inaingiza shilingi 3,000 kwa siku baada ya kutoa umeme na pango. Kwa siku 26 ni 78,000. Ikiwa mashine iliyotumika inauzwa 600,000, itachukua karibu miezi minane kurudisha fedha, na hapo mwenyewe hajala wala mdogo wake hajanunuliwa daftari. Riba ya mkopo ikiingia, miezi inaongezeka. Tarakimu za kila kibanda ni tofauti, lakini njia ya kuhesabu ni hiyohiyo.

Maswali manne yaulizwe kabla ya kulipa. Je, fundi wa mashine hiyo yupo Singida mjini, au itabidi ipelekwe Dodoma au Dar es Salaam? Je, pedi na spea zake zinapatikana? Je, gemu zake zinakuja kwa diski, au zinapakuliwa kwa intaneti ambayo itakula faida yote kwa bando? Na je, kampuni bado inaitengenezea gemu mpya, au nayo iko mbioni kuachwa? Waliouziwa 32X mwaka 1994 hawakuwa wajinga. Hawakuuliza swali la nne.

Njia ya pili ni kubaki na mashine moja nzuri ya zamani kwa wateja wadogo, na TV nyingine kuonyesha mechi za ligi. Njia ya tatu ni kukubali kwamba kibanda kimefanya kazi yake, kuuza TV, na kuingiza fedha kwenye biashara nyingine. Familia isimwone kijana aliyechagua njia hii kuwa ameshindwa. Sega yenyewe ilijitoa kwenye mashine, na miaka zaidi ya ishirini baadaye jina lake lipo na watu wake wanalipwa. Wangeng'ang'ania kutengeneza mashine, huenda leo lisingekuwepo.

Baba wa mfano wetu bado ana nafasi. Anaweza kumwita kijana wake mkubwa jioni, wakatoa ile mashine iliyokufa mezani, wakaitazama pamoja na yule mdogo. Amuulize mkubwa, "Hebu nieleze, hii ilikuwa inakuingizia kiasi gani?" Amuulize mdogo, "Na wewe, ni nani ambaye hukuwahi kumfunga?" Maswali mawili hayo yatamwambia mambo ambayo kwa miaka yote amekuwa akiyapita nje ya pazia la kibanda, na baada ya hapo uamuzi wa kununua, kutengeneza au kuacha utafanywa na familia nzima badala ya kijana mmoja peke yake usiku.